Ile meza uliyoandaliwa, adui yako ana kiti?

 

Leo naomba univumilie, maana ujumbe huu ni mrefu kuliko yale maneno mafupi ya asubuhi niliyozoea kuweka hapa. Nimeuandika usiku, mama watoto akiwa amelala, na nimeufuta mara mbili kabla ya kuuweka. Ndani yake kuna mambo yangu ambayo hata washirika wengi wa kanisa letu hawayajui. Usome hadi mwisho kabla ya kuandika Amina.

Katika kesha la Ijumaa iliyopita, dada mmoja alisimama kutoa ushuhuda. Mungu amemfungulia kazi baada ya miaka minne ya kuhangaika, na sote tunajua alivyolia mbele za Bwana kwa ajili ya hiyo kazi. Tulipiga makofi na vigelegele. Kisha akamalizia kwa kusema anamshukuru Mungu kwa sababu wale waliokuwa wakimsema pale plotini sasa wanamwona akitoka asubuhi amevaa vizuri, na wapate presha. Kanisa lote likasimama. Kinanda kikalia. Na mimi mchungaji nikasema Amina, tena kwa sauti ya juu.

Nilipofika nyumbani saa kumi na moja alfajiri usingizi ulikataa. Ndani yangu lilikuwa linarudi swali moja: Ile Amina uliyosema, ulikuwa unakubaliana na nini? Na ile kazi, au na ile presha?

Simlaumu huyo dada. Amejifunza kwetu. Sisi wahubiri ndio tumemfundisha kuomba hivyo na kushuhudia hivyo. Nenda kanisa lolote la kiroho hapa Kenya Jumapili hii, uhesabu ni mara ngapi neno adui litatajwa, na ni mara ngapi mtu ataombwa amwombee mema huyo adui. Tunaomba wapigwe, waanguke, waaibike, mipango yao iwarudie. Tukiinuliwa kidogo, tunataka watuone. Tumefika mahali ambapo baraka bila mtu wa kuionea wivu haina ladha.

Na andiko tunalolisimamia tunalijua. Zaburi 23:5. Daudi anamwambia Mungu kwamba amemwandalia meza, na watesi wake wakiwa pale pale mbele yake. Nimelihubiri hilo andiko labda mara hamsini. Kila mara nilikuwa namwonyesha mwenye haki ameketi anakula kuku, na adui amesimama dirishani akimeza mate. Lakini mpendwa, rudi ukasome tena polepole. Andiko linasema meza iliandaliwa na watesi wapo. Halisemi walisimama dirishani. Halisemi walinyimwa. Hayo ya dirisha tumeongeza sisi.

Sasa nikuonyeshe mahali pengine katika Biblia ambapo mtumishi wa Mungu aliketishiwa maadui mbele yake, na meza ikaandaliwa. Fungua 2 Wafalme sura ya 6.

Mfalme wa Shamu anapigana na Israeli, na kila mpango anaoupanga chumbani, Elisha anaujua na kumwambia mfalme wa Israeli. Basi anatuma jeshi usiku, farasi na magari ya vita, wanauzingira mji wa Dothani kumkamata mtu mmoja. Asubuhi mtumishi wa Elisha anatoka nje, anaona jeshi, anapiga kelele. Elisha anaomba kijana afunguliwe macho, na kijana anaona mlima umejaa farasi na magari ya moto.

Hapo ndipo sisi huwa tunafunga Biblia. Mstari wa 17. Tunahubiri magari ya moto usiku kucha, tunavunja madhabahu, tunakwenda nyumbani sauti zimekauka. Lakini habari haijaisha. Endelea kusoma.

Hayo magari ya moto hayakumchoma mtu hata mmoja. Elisha aliomba lile jeshi lipigwe upofu, akawaongoza mwenyewe hadi Samaria, katikati ya mji mkuu wa adui zao. Walipofumbuliwa macho, wakajikuta mikononi mwa mfalme wa Israeli. Na mfalme akasisimka. Anamwita Elisha baba, anamuuliza mara mbili kama awapige. Mara mbili, mpendwa. Mtu akiuliza mara mbili ujue mkono umeshafika kwenye upanga.

Elisha akamwambia hapana. Wape chakula na maji, wale, wanywe, warudi kwa bwana wao. Mfalme akawafanyia karamu kubwa. Wakala, wakanywa, wakaenda. Na mstari wa 23 unatuambia kwamba vile vikosi vya Shamu havikuja tena kuivamia nchi ya Israeli.

Hiyo ndiyo meza mbele ya watesi. Watesi walikuwa wameketi, na walikula.

Na kama unaona hayo ni ya Agano la Kale, njoo Yohana 13. Yesu anajua wazi ni nani atakayemsaliti. Anavua vazi, anajifunga kitambaa, anaanza kuosha miguu ya wanafunzi. Yuda bado yupo chumbani. Yuda alitoka baadaye, baada ya kupewa lile tonge. Maana yake ni kwamba ile miguu iliyotoka kwenda kumuuza Yesu ilitoka ikiwa safi, imeoshwa na Yesu mwenyewe. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima na bado sijalimaliza.

Sasa nije kwangu. Hapa ndipo nilipofuta mara mbili.

Mwaka 2012 kanisa letu lilikuwa bado linaabudu kwenye chumba cha kukodi. Tukaamua kujenga. Tulifanya harambee, akina mama wakauza kuku, vijana wakaosha magari, mzee mmoja akauza ndama. Tukapata shilingi 412,000. Mweka hazina wetu alikuwa ndugu niliyempenda sana. Suti ya kwanza niliyohubiri nayo nilipewa na yeye. Alikuwa akiniita Pasta hata tukiwa wawili tu tunakunywa chai.

Tuliweka msingi. Tulipotaka kununua mabati, akaunti ilikuwa na shilingi elfu tisa na kidogo. Wiki hiyo hiyo ndugu huyo alihama mji usiku. Mke na watoto akawaacha.

Sijui kama umewahi kupita mahali ambapo umeibiwa, halafu wewe ndiye unaitwa mwizi. Watu walisema tumekula naye. Familia kumi na moja ziliondoka. Mke wangu alianza kukaanga mandazi na kuuza pale stejini saa kumi na moja asubuhi ili tulipe kodi, na kuna waliokuja kununua ili tu wamwangalie usoni. Ule msingi ulikaa miaka miwili, nyasi zikaota ndani, watoto wakaufanya mahali pa kuchezea.

Hiyo ni sehemu ambayo nimekuwa nikiishuhudia. Wengi wenu mmeisikia madhabahuni. Nilikuwa naihubiri vizuri sana. Sikumtaja jina, lakini kila nilipofika kwa Yuda, mtaa mzima ulijua namsema nani.

Sehemu ambayo sijawahi kuisema ni hii.

Mwaka 2014, binti yake alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa kidato cha pili. Alikuwa na fomu ya basari, na ilihitaji sahihi na muhuri wa kiongozi wa dini. Chifu alikuwa ameshatia sahihi, mwalimu mkuu alikuwa ameshatia sahihi, nilibaki mimi. Nikamwambia aje kesho. Alipokuja kesho nikamwambia muhuri umepotea, nautafuta. Akaja mara ya tatu, amevaa sare ya shule ili nione kwamba ana haraka. Nikamwambia bado sijaupata.

Muhuri ulikuwa kwenye droo. Nilikuwa nimeukalia, kama mita moja kutoka kwa huyo mtoto.

Tarehe ya kurudisha fomu ikapita. Yule binti akakaa nyumbani muhula mzima. Nami Jumapili hiyo nilihubiri juu ya mavuno, kwamba mtu huvuna alichopanda. Nikajiambia kwamba ni Mungu anatenda. Mpendwa, haikuwa Mungu. Nilikuwa mimi, na droo yangu.

Sasa ndipo mwaka 2021 napigiwa simu na mke wake. Ndugu yetu amerudi, amelazwa, figo zimekataa, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na anaomba kuniona. Nikamwambia nitaombea jambo hilo. Unajua maana ya mchungaji kusema nitaombea. Nilikaa siku tisa.

Mama Mchungaji ndiye aliyenitoa. Yule aliyeuza mandazi. Aliniambia, "Baba, kama hauendi, usihubiri Jumapili. Nitasimama mimi." Nikaenda.

Njia nzima kwenye matatu nilikuwa natayarisha maneno. Nilitaka kwanza akiri, aseme ni pesa ngapi, alizipeleka wapi, halafu mimi nimsamehe kwa upole na kumwekea mikono. Nilikuwa nimejipanga kuwa mkubwa katika hicho chumba.

Nilipoingia wodini, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda alikuwa yule binti. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi kwenye duka la nguo. Aliniangalia, akanitambua. Akainuka, akanivutia kiti.

Kile kiti kilinimaliza. Maneno yote niliyotayarisha yaliisha. Baba yake alikuwa amekonda, midomo imekauka, na neno la kwanza aliloniambia baada ya miaka tisa halikuwa nisamehe. Aliomba maji. Wagonjwa wa figo hupimiwa maji, kwa hiyo binti akaniambia ni kiasi gani, nami nikamshikia kikombe. Kisha yeye mwenyewe akasema, "Pasta, zile pesa nilikula mimi. Zote. Hakuna mtu mwingine."

Nilimwambia nimemsamehe, na nilimaanisha. Lakini kulikuwa na mtu mwingine hapo chumbani ambaye mimi ndiye nilikuwa na deni lake. Nikamgeukia yule binti, nikamwambia habari ya droo. Nilikuwa nikisema na mikono inatetemeka. Mimi, mchungaji, mbele ya wagonjwa sita.

Hakulia. Hakunikumbatia kama kwenye filamu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua iko. Niliona kamba yake imetokeza kwenye droo." Halafu akasema, "Sitasema ilikuwa sawa, Pasta. Lakini keti."

Nikaketi.

Wapendwa, ndiyo sababu nawaandikia. Miaka yote hiyo nilijiona ni mtu aliyetendewa. Na kweli nilitendewa. Lakini mtu aliyetendewa anaweza kuwa mtenda bila kujua, kwa sababu uchungu humpa ruhusa. Anasema moyoni, mimi nimeumizwa, kwa hiyo hili ninalofanya ni haki. Kiburi cha aliyekosewa ni kibaya kuliko cha tajiri, kwa sababu chetu sisi kinavaa kanzu ya haki.

Yesu alilijua hilo. Petro alipomuuliza asamehe mara ngapi, Bwana alimpa hesabu. Mathayo 18. Mtumishi mmoja alidaiwa na mfalme talanta 10,000, akasamehewa. Akatoka nje, akakutana na mwenzake anayemdai dinari 100, akamkaba koo.

Tuifanye hiyo hesabu kwa pesa zetu. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja, tunaona hivyo Mathayo 20. Tuseme mtu wa mjengo hapa kwetu analipwa shilingi 700 kwa siku. Basi dinari 100 ni shilingi 70,000. Angalia vizuri, hizo si pesa kidogo! Ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu. Yesu hakusema ulichotendewa ni kitu kidogo. Usimruhusu mtu yeyote akwambie kwamba Biblia inasema deni lako ni dogo. Aliyekuibia amekuibia. Aliyekuacha na watoto amekuacha kweli.

Lakini talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Talanta 10,000 ni dinari milioni 60. Kwa mshahara wetu wa mjengo, hizo ni shilingi bilioni 42. Ukifanya kazi siku 300 kila mwaka bila kula hata senti, utamaliza kulipa baada ya miaka 200,000. Huyo mtu alikuwa amepiga magoti akimwambia mfalme ampe muda atalipa yote. Atalipa na nini?

Elfu sabini ni nyingi mpaka uziweke kando ya bilioni 42. Unyenyekevu ni hapo tu, mpendwa. Ni kukumbuka ile risiti yako ilikuwa ya ngapi wakati unashika koo la mwenzako. Mimi nilikuwa nadai 412,000 na nimesamehewa pamoja na ile droo.

Lakini nisije nikawadanganya. Najua kuna madeni ambayo si ya pesa. Wengi wenu mnaonisoma hapa mmepoteza watu. Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuhadithiwa ya mwaka 2007 na 2008. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa la Kipentekoste kama letu, lilichomwa na wanawake na watoto waliokimbilia ndani wakiomba ulinzi. Tume ya Waki ilihesabu waliokufa nchini wakati ule kuwa 1,133. Nikikutana na mama aliyempoteza mtoto pale, sina ujasiri wa kumwambia sahau. Sijatumwa kumwambia hivyo. Nitakaa naye, nitanyamaza naye, na kama Mungu atampa neema ya kusamehe, nitaona ni muujiza mkubwa kuliko kiwete kutembea.

Na miujiza ya namna hiyo imetokea hapa hapa Afrika Mashariki. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Mmoja wa maaskofu wenzake alikuwa Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaenea hadi huku Kenya. Kivengere na mkewe ilibidi wakimbie, wakavuka milima usiku kwa miguu kuingia Rwanda. Alikuwa amempoteza rafiki, nyumba na nchi. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin.

Watu walishangaa, wengine walikasirika. Lakini Kivengere alieleza kwamba aliona chuki ikimkausha, na kwamba alipotafakari Yesu alivyowaombea waliokuwa wakimsulubisha, hakubaki na mahali pa kujificha. Na angalia jambo moja muhimu. Siku chache kabla Luwum hajauawa, maaskofu hao, Kivengere akiwa mmoja wao, walikuwa wamemwandikia Amin barua ya kupinga mauaji. Kwa hiyo aliyempenda ndiye huyo huyo aliyempinga. Kusamehe hakukumfunga mdomo.

Hapo nataka nisimame kidogo, kwa sababu najua neno hili la msamaha limetumiwa vibaya makanisani mwetu.

Dada unayepigwa nyumbani, kusamehe si kurudi kupigwa. Unaweza kumsamehe ukiwa kwa mama yako, mlango umefungwa, na ripoti imeandikwa kwenye dawati la jinsia pale kituoni. Mchungaji anayekurudisha kwenye ngumi kwa jina la uvumilivu amekosea, na kama niliwahi kufanya hivyo kwako, nitafute niombe msamaha.

Mzazi, mtoto akinajisiwa, hilo si jambo la kikao cha wazee na mbuzi mmoja. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Ngono tangu mwaka 2006. Nenda polisi. Rehema kwa mkosaji haiwezi kulipwa kwa mwili wa mtoto. Paulo alikuwa mtu wa msamaha, na bado Matendo 16 anawataka mahakimu waje wenyewe kumtoa gerezani, na Matendo 25 anakata rufaa kwa Kaisari.

Tena kusamehe si kuamini hapo hapo. Ndugu yangu yule wa figo alipata nafuu kidogo, akaja mwenyewe mbele ya wazee wa kanisa akiwa na fimbo, akaomba kulipa. Hatukumwambia aache. Zakayo alirudisha mara nne na Yesu hakumzuia. Tukakubaliana shilingi elfu moja kwa mwezi kwa M-Pesa. Kuna miezi haiji, kwa sababu ya hospitali, na hatumpigii. Ukipiga hesabu utaona hawezi kumaliza akiwa hai. Anakaa kiti cha tatu kutoka nyuma, upande wa dirisha. Ufunguo wa hazina hatujamrudishia, na yeye hajaomba. Lakini siku ya chakula cha pamoja anakula na sisi, na Mama Mchungaji ndiye humpakulia.

Kwa hiyo wiki hii nakuomba mambo matatu.

La kwanza, taja jina lake kwa Mungu bila kumwombea mabaya. Usianze na maneno makubwa. Sema tu, Bwana, fulani, mpe riziki leo. Itakukwama kooni. Sema hata ikikwama. Siku ya kwanza mimi nilisema jina tu, nikaishia hapo.

La pili, fungua droo yako. Tafuta ni nani umemlipiza kwa sababu ya mtu mwingine. Mara nyingi si yule aliyekukosea, ni mtoto wake, ni mkewe, ni kabila lake, ni yule ambaye hakuwa na nguvu za kukujibu. Kwa huyo, wewe ndiye mkosaji. Nenda ukatubu kabla hujamngoja wa kwako aje.

La tatu, rekebisha ushuhuda wako. Mungu akikuinua, shuhudia aliyekuinua. Waliokusema waache Mungu awashughulikie, na kama anataka kuwabariki kuliko wewe, umpe uhuru huo. Nimeshazungumza na yule dada wa kesha. Nilimwomba msamaha kwa ile Amina yangu. Alicheka, akaniambia, "Pasta, lakini walinisema kweli!" Nikamwambia najua. Jana amenitumia ujumbe kwamba mmoja wa wale majirani mtoto wake ni mgonjwa, na yeye ndiye aliyempeleka kliniki. Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Tuombe.

Baba, tunakuja kwako tukiwa na majina. Wengine wetu tumeyabeba miaka mingi hadi yamekuwa sehemu ya maombi yetu. Umeona tulivyoumizwa, hukufumba macho. Na umeona pia droo zetu. Tusamehe tulipolipiza kisasi tukakiita jina lako. Wape haki waliodhulumiwa, wape toba waliodhulumu, na sisi tulio wote wawili, utupe zote mbili. Ile meza uliyotuandalia, utufundishe kusogea kidogo ili mwingine apate nafasi. Katika jina la Yesu.

Kama ujumbe huu umekugusa, usiandike jina la mtu kwenye komenti, tafadhali. Mtu asije akaaibishwa hapa. Andika tu, "Amina, nampa kiti." Aliye na jambo zito aje ofisini Jumanne au Alhamisi, Mama Mchungaji naye yupo. Na kama kuna kijana mwenye fomu ya basari inayohitaji sahihi, njoo siku yoyote. Muhuri uko mezani.

Mbarikiwe. Tukutane Jumapili.